Mawe ya Ua wa Ingolf

Tok. Tok. Kimya kidogo, kisha tok tena, safari hii kwa sauti nzito zaidi.

Torhild aliacha kahawa ikichemka jikoni kwa baba yake, akatoka nje bila koti. Uani, kijana wa nyumba ya jirani alikuwa amepiga magoti mvuani, nyundo ya mpira mkononi, sikio karibu liguse mawe.

"Nani amekuruhusu?"

"Mzee alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha," alisema Sindre. Hakuonyesha aibu yoyote. "Sikiliza, mwenyekiti. Kule pembeni mawe yanalia vizuri. Hapa katikati yanalia vingine, tena yamezama. Bomba la majitaka linalotoka kwangu litakuwa limepasukia hapahapa."

"Au unatafuta pa kuanzia."

"Kuanzia nini?"

Mtu wa Oslo akinunua nyumba kuukuu Bergen, nani asiyejua anachotaka? Atachimba chini, atengeneze chumba, apangishe watalii. Torhild alishamwona akipiga picha ua ule, akiupima kwa kamba, akiandika mambo kwenye simu yake.

Na ua ule haukuwa ua tu. Vuli ya mwaka 1972, manispaa ilileta lami kwenye uchochoro wa Kvernesmauet, ikaanza kung'oa mawe yaliyokanyagwa tangu enzi za wafalme wa Denmark. Ingolf, baba yake Torhild, seremala kijana wakati huo, alipita mlango kwa mlango. Kila nyumba ikatoa mtu wa msaragambo. Walibeba mawe kwa ndoo, kwa magari ya watoto wachanga, kwa mikono mitupu, wakayaleta uani kwake, ambako alikuwa ameshachimba na kusawazisha udongo peke yake kabla hawajafika. Wakayapanga huku wakiimba. Siku hiyo ndipo Chama cha Kutunza Kvernesmauet kilipozaliwa, ambacho sasa Torhild alikuwa mwenyekiti wake. Manispaa iliona haya, ikarudisha lami yake ilikotoka.

Torhild alikuwa na miaka sita. Aliikumbuka wiki ile kwa jambo jingine pia: ndiyo wiki mama yake, Aslaug, alipopanda meli ya kwenda Newcastle, Uingereza, bila kumuaga mtu. Watu walisema Ingolf aliyakumbatia mawe kwa kuwa hakubakiwa na wa kumkumbatia. Hakuoa tena. Hakuwahi kulala nje ya nyumba ile. Na kila vuli wanachama walikunywa kahawa na kula maandazi ya mdalasini juu ya mawe yale, mzee akiwatazama kutoka dirishani.

Jioni chama kilikutana sebuleni kwa Oddvar, rafiki wa Ingolf wa tangu ujana. Sindre alieleza: chumba chake cha chini kimejaa maji machafu, nguzo zinaoza, na barafu ikija nyumba itainama. Fundi atainua mawe ya ua, kila moja litaandikwa namba kwa chaki, kisha litarudi palepale.

"Meno ya babu yangu nayo yaliandikwa namba," Oddvar alisema. "Tulipoyarudisha, yalimkataa."

Watu wakacheka. Sindre hakucheka.

"Mbona wewe umeweka madirisha ya plastiki, mzee Oddvar?"

"Mimi nilimwomba Ingolf kistaarabu."

"Nami nilimwomba. Aliniambia niiache nyumba yangu izame."

"Bwana mdogo, hukuwepo tulipoyabeba."

"Leo bomba," Torhild alidakia, "kesho chumba cha watalii."

"Nina mtoto mchanga anayekohoa usiku kucha, mwenyekiti. Watalii wa nini?"

Alimtazama machoni, na kwa kitambo kidogo Torhild alikaribia kumwamini. Kisha akamkumbuka mvuani, akigonga mawe ya mzee aliyelala. Akanyoosha mkono kukataa. Mikono mingine ikaufuata.

Sindre alichukua koti lake lililolowa, akafunga mlango taratibu. Hata utaratibu ule Torhild hakuupenda. Mtu anayeshindwa bila kubamiza mlango ana mpango mwingine.

Alipanda kwa baba yake karibu akikimbia. Mzee alikuwa kitini kwake dirishani, blanketi magotini, taa haijawashwa.

"Tumeshinda, Baba. Halitaguswa hata jiwe moja."

Ingolf alifumba macho. Mabega yake yakashuka, kana kwamba kuna mtu aliyemtua mzigo. Akaupapasa mkono wa bintiye.

"Vizuri, mwanangu. Nilikuwa na hofu. Wangemsumbua mama yako, na mvua yote hii."

"Mama alikwenda Uingereza, Baba."

Mzee alifumbua macho. Kisha macho yake yakamponyoka, yakaenda dirishani, yakatua katikati ya ua.

Torhild aliutoa mkono wake kwenye mkono wa baba yake. Kutoka nyumba ya jirani ilisikika sauti ya Sindre akichota maji kwa ndoo na kuyamwaga nje, akichota na kumwaga.

"Kesho asubuhi, Baba," alisema Torhild, "jiwe la kwanza nitaling'oa mimi mwenyewe. Nakuahidi."