Mshono wa Mkeka

Bibi mmoja aliingia ofisi ya gazeti bila hodi, akamkuta Salha akiikodolea macho picha iliyozagaa mtandaoni: mtoto aliyetekwa, ameketi mkekani. Siku tatu Salha alikuwa akilinganisha ukuta wa nyuma na ramani, asipate kitu.

"Ukuta wa nini, mwanangu? Tazama mkeka," bibi alisema. "Mshono huu ni wa dada yangu, hakuna mwingine aujuaye, wala mikeka yake haiuzi. Anakaa nyuma ya kiwanda cha chumvi. Lakini jina langu usilitaje."

"Sitalitaja, bibi."

Salha akawapigia simu polisi. Macho ya bibi yalikuwa yamesoma nyumba nzima katika uzi mmoja.

Jioni mtoto akapatikana huko nyuma ya kiwanda.

"Nani alikwambia?" mkuu wake aliuliza. "Bila jina, kazi huna."

Salha alivua kitambulisho shingoni, akakilaza juu ya picha, pale penye mshono.