Saa Sita ya Siku Ile

Nyamizi alifika stesheni akihema, jua likiwa limeshapita utosini. Treni ya mdogo wake, Kalunde, ilikuwa ya saa sita. Aliketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa khanga, akalia. Tangu msiba wa mama yao hawakuwa wamesemezana, na sasa mdogo wake anahamia nchi ya mbali kwa mumewe.

"Dada, unamlilia nani?"

Kalunde alikuwa amesimama mbele yake, sanduku mkononi.

"Treni haijaondoka?"

"Bado. Hukusikia redioni? Kuanzia leo nchi nzima imerudisha saa nyuma kwa saa moja, ili twende sawa na majirani. Saa sita haijafika."

Nyamizi aliitazama saa ya ukutani, kisha jua. "Mungu awape umri mrefu waliokaa wakaamua hivyo," alisema.

Hakujua aanzeje. Akamvuta mdogo wake, akamkalisha chini katikati ya magoti yake, akaanza kumsuka nywele kama zamani.

"Nisamehe, dada," Kalunde alisema.

"Tulia, utaniharibia mstari." Nyamizi alimalizia msuko mmoja. "Nimeshakusamehe. Na wewe unisamehe."

Honi ilipolia, upande mmoja wa kichwa ulikuwa bado haujasukwa. Kalunde alipanda hivyo hivyo, akicheka na kulia, akatoa mkono dirishani. Nyamizi aliudaka, akatembea sambamba na behewa. Treni ilikuwa bado inakwenda polepole.