Mkebe wa Nne

Mkebe wa nne haukutakiwa kuwepo.

Mitatu ilijulikana. Ilikaa juu ya kabati la Baba miaka yote, mikebe ya bati iliyowahi kuwa na dawa ya meno ya unga, kila mmoja na jina la utani la mwenyewe: Kiherehere, Kimyakimya na Mwisho wa Mchezo. Ndio dada mkubwa, kaka wa kati na kitinda mimba, kwa mpangilio huo, na majina hayo hayakukosea.

Baba alikuwa daktari wa meno, tena wa kupindukia. Hakutupa jino la mtoto wake hata moja. Likitoka linaoshwa, linaingia mkebeni, na kadi inaandikwa kama ya mgonjwa yeyote wa zahanati: tarehe, tatizo, maoni ya daktari.

Alifariki Jumanne, usingizini, ana miaka themanini na minne. Mazishi kesho saa nne asubuhi. Kitinda mimba ndiye aliyebebeshwa wasifu, na alikuwa na mistari mitatu tu. "Miaka hamsini na mitano alichungulia vinywa vya watu, na bado aliwapenda watu." Halafu, "Ameacha mjane na watoto watatu." Halafu ule usemi wa Baba mwenyewe, ambao aliusema kila mlo huku akigongagonga meno ya mbele kwa kijiko: "Haya, tangu niyapate, hayajaniuma hata siku moja."

Alipanda juu ya kiti kutafuta picha. Mkono ukagusa mkebe uliojibanza nyuma ya ile mitatu, umezungushiwa plasta raundi nne. Umeandikwa: Mkaidi, na kadi imebandikwa ubavuni.

"Ulete hapa," dada mkubwa alisema. Yeye ni mwalimu, na kadi aliisoma kwa sauti ya kusahihisha madaftari. "Peremende asubuhi, peremende mchana. Nimemwonya mara kumi. Hasikii. Nimeng'oa yote."

"Tarehe?" kaka aliuliza.

Dada aliisogeza kadi karibu na macho. Kaka akachungulia begani kwake, akapiga mluzi. Ilikuwa miaka miwili kabla dada hajazaliwa.

Sasa, watoto wa daktari wa meno wana hesabu zao. Wengine huhesabu umri kwa siku ya kuzaliwa, hawa huhesabu kwa jino.

"Jino la kwanza hung'oka mtu ana miaka sita," kaka alisema. "Sita na miwili, minane. Dada, una kaka, na amekupita miaka minane."

"Mimi ndiye wa kwanza."

"Ulikuwa."

Dada alikaa. Kwa miaka hamsini yeye ndiye aliyegawa nyama, aliyekalia kiti cha mbele garini, aliyeamua nani aombe msamaha kwa nani. Leo tu alikuwa amewagombeza watu wa mochwari hadi wakamwamkia shikamoo mama. "Wamemharibu Baba," alikuwa amewaambia wadogo zake. "Mashavu yameingia ndani, mdomo umekunjamana kama aliyelamba ndimu. Watu walikuwa wanakuja zahanati kwa ajili ya lile tabasamu. Wamelipeleka wapi?"

"Nifute watatu, niandike wanne?" kitinda mimba aliuliza. "Maana nikisoma watatu, halafu jitu zima linyanyue mkono katikati ya waombolezaji, mtanisaidia?"

"Kamuulize Mama."

"Kamuulize wewe, si ulikuwa wa kwanza?"

Wakaenda wote, wanasukumana mlangoni kama enzi za kwenda kukiri nani kavunja sahani. Mama alikuwa chumbani anapiga pasi shati jeupe.

"Mama," kitinda mimba alisema, "Mkaidi ni nani?"

Pasi ikasimama. "Nani kapanda kwenye kabati?"

"Mama, tujibu kwanza."

"Baba yenu aliniambia siku ya posa. Akaniapisha nisimwambie kiumbe. Sijasema."

"Na ukakubali kuolewa hivyo hivyo?" Sauti ya dada ilipanda.

"Sasa nikatae kwa kitu kama hicho? Nilimpenda."

"Wanaomjua ni wangapi?"

"Mimi, na rafiki yake mmoja waliyesoma naye udaktari wa meno. Huyo rafiki alishafariki."

Kaka alikohoa. "Kesho je? Atakuwepo?"

"Mkaidi?" Mama alimtazama kama aliyeuliza kama maji yanalowesha. "Kesho bila yeye mtamzika nani?"

Dada alijishika kifua. "Atakaa wapi?"

"Mbele. Hapo ndipo pake."

Basi. Kitinda mimba alitoa kalamu mfukoni, akaegemeza karatasi ukutani, akakata "watatu," akaandika "wanne." Mama akamnyang'anya. Alivaa miwani, akasoma, akamtazama mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akacheka, akacheka hadi ikabidi ashike ubao wa pasi.

"Elimu yote ile niliyowalipia," alisema.

Alichukua mkasi akakata plasta, akageuza mkebe juu ya kitanda. Yakamwagika meno makubwa ya mtu mzima, meusi, yametoboka kama punje za mahindi zilizobunguliwa.

Kisha akavuta droo ya upande wake wa kitanda, akatoa glasi ya maji iliyofunikwa kwa leso.

"Asubuhi ile ya Jumanne mliingia wote kwa mkupuo, nikaficha. Mpelekeeni kabla hawajafunga jeneza. Hajawahi kutoka mlango ule bila kuyavaa haya."

Aliinua leso. Ndani ya glasi, tabasamu la Baba lilikuwa linawatazama wote watatu.