Damu ya Mara ya Pili

Damu ya kwanza ya Bi Mwanakombo iliharibika. Chembe zake zilipasuka ndani ya kichupa, na majimaji yake yakawa mekundu. Kipimo kilionyesha potasiamu ya kuusimamisha moyo, lakini damu iliyopasuka haiaminiki, kwani chembe zake humwaga potasiamu. Kwa hiyo Tabu, mpimaji wa maabara, akapanda wodini kuchukua nyingine.

"Mama, usikunje ngumi," alisema. "Legeza tu mkono."

Mshipa ulikuwa mwembamba kama uzi. Tabu aliupapasa kwa subira, akaingiza sindano taratibu, akaiacha damu ijiendee yenyewe. Saumu, binti wa mgonjwa, alimfuata hadi mlango wa maabara.

"Dada, ile ya kwanza iliharibika tu, sivyo?"

"Ile haikufaa, mdogo wangu. Hii ikitoka safi, tutajua ukweli."

Damu ikaganda, mashine ikaizungusha. Tabu alipokitoa kichupa, majimaji ya juu yalikuwa ya manjano, maangavu, hayana hata dalili ya wekundu. Hakuwahi kuchukua damu nzuri kuliko ile. Akaipima. Potasiamu ilikuwa imepanda zaidi. Figo zilikuwa zimeshakufa, na mashine ya kusafisha damu haikuwapo katika mji ule wala mji wa jirani.

Saumu akachungulia, akakiona kichupa mkononi mwake.

"Alhamdulillahi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Safari hii imetoka safi."

Kabla Tabu hajamweleza majibu, Saumu alikuwa ameshageuka, anapanda ngazi mbio kwenda kumwambia mama yake.