Bingwa wa Benchi la Kibwana

Owen alikuwa amebakiza hatua moja tu amfunge Mzee Dzombo kwenye drafti, na benchi zima likashtuka kama limepata habari ya msiba. Kibwana, fundi baiskeli mwenye benchi hilo, aliangusha spana. Shutu muuza madafu alishika kichwa.

Mzee Dzombo aliwatazama kwa dharau. Hofu gani hiyo kwa watu wazima? Kwani walidhani bingwa wa Bongwe nzima ataaibishwa na kijana wa bara aliyehamia juzi, mtu wa kuosha sahani hotelini?

"Mzee, hapa umeisha," Owen alisema akicheka. "Kingi yako haina pa kwenda."

"Cheza, usipige domo."

Sheria ya benchi ilikuwa moja: anayefungwa huinuka, anayeshinda hukaa. Tangu demani iingie na baridi ikatike, Mzee Dzombo hakuwa ameinuliwa hata mara moja. Alifika asubuhi, akapanga vifuniko vya soda juu ya ubao wa drafti, akawafunga mmoja mmoja hadi magharibi. Ila kwa swala, hakubanduka. Hata chakula cha mchana mkewe alimletea papo hapo, asije akapoteza kiti. Tena alikwisha kuapa mbele ya kila mtu: "Siku nitakayofungwa, wallahi, benchi hili hamnioni tena. Nitakaa kwangu, nimsaidie mke wangu kupika." Sasa kiti kilikuwa kinakwenda, na kiapo ni kiapo.

Huko kusaidia alikuwa amekujaribu kipupwe chote. Baridi na manyunyu vilimfungia ndani, naye, mtu aliyewaongoza wahudumu wa hoteli ya Diani miaka na miaka, hakuweza kuvumilia jinsi Bi Mwanatumu alivyoiendesha biashara yake ya viazi karai, vile vya kuchovya katika rojo la unga na kukaanga. Alifunua kila sufuria. Alionja kila rojo na kulitia kasoro. Wateja aliwaamrisha wapange foleni mlangoni na wavue kofia. Bi Mwanatumu alimpisha tu. Mke mwema, alijua kwamba anafundishwa. Wateja ndio waliokuwa washamba, wakapungua.

Na benchini nako ni washamba watupu. Hata mikono hawakunawa! Kila alasiri vifuniko vilinata mafuta na manjano, naye akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa chake cheupe huku akisonya. Mchezo wao wenyewe ulikuwa wa kutia kichefuchefu. Walianza vizuri, kisha wakajipeleka mdomoni, wakaliwa, wakainuka wakicheka. Mtu anafungwa na kucheka! Huko ndiko kukosa haya.

Nyumbani tu ndiko alikothaminiwa. Kila jioni, hata viatu hajavua, Bi Mwanatumu alimuuliza, "Umeshinda, Baba Sefu?"

"Kwani yuko wa kunishinda?"

"Alhamdulillahi," mkewe alisema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Sasa Owen alinyoosha mkono kukishika kifuniko cha kumalizia.

"Owen!" Kibwana aliita. "Hebu njoo unishikie gurudumu hili."

"Ngoja nimalize huyu mzee kwanza."

"Nishikie sasa hivi, bwana!"

Owen aliinuka akinung'unika. Waliinama nyuma ya baiskeli, Kibwana akamnong'oneza kwa muda, na Shutu naye akajongea kuongeza lake. Mzee Dzombo alitabasamu. Alijua wanachomwambia: kwamba hajui anacheza na nani.

Kijana alirudi uso umebadilika. Alikaa, akautazama ubao, akamtazama mzee kwa huruma ya ajabu, kisha akasukuma kifuniko mahali ambapo hata mwenda wazimu asingekisukuma. Mzee Dzombo akala vitatu kwa mpigo, na kingi ya Owen ikawa humo humo.

"Inuka," alisema. "Kajifunze kwanza. Huku pwani drafti haichezwi kwa mdomo."

"Nimekubali, mzee," Owen alisema, akainuka akicheka kama wenzake.

Mara wote wakatawanyika, kila mmoja na udhuru wake. Siku nyingine Mzee Dzombo angewangoja warudi, kwani kila alasiri waliondoka hivyo hivyo. Lakini ushindi wa leo ulikuwa mtamu mno kukaa nao peke yake. Alitaka Bi Mwanatumu ausikie ungali moto. Akajifuta mikono, akautia ubao kwapani, akashika njia ya nyumbani jua likiwa bado juu.

Kwake alipitia mlango wa uani. Harufu ya viazi ilimpokea, kisha vicheko. Kibwana alikuwa ameegemea ukuta na sahani mkononi. Shutu alikuwa akilamba mafuta na manjano vidoleni. Owen alikuwa amekalia mbuzi ya kukunia nazi, mashavu yamemjaa.

"Kula, mwanangu, hukujua," Bi Mwanatumu alikuwa akimwambia, huku akimwongezea kiazi kutoka karaini. "Lakini kesho fungwa mapema. Ukinirudishia yule mzee jikoni, viazi hivi utavisikia harufu tu."