Nyumba ya Soya

Mwaka wa tatu tangu mumewe Kibwana azikwe, Mwantumu bado alikuwa anakunywa maziwa ya soya aliyochaguliwa na marehemu. Sheria iliruhusu kila nyumba kusajili maziwa ya mmea mmoja tu, na mwenye kuchagua ni mume. Kufa kwake hakukufuta chaguo.

Asubuhi hiyo uvumilivu ulimwishia. Alikalia mbuzi, akakuna nazi, akachuja tui zito na kulibandika jikoni apike uji. Jiko likajizima.

"Mke wangu," likasema kwa sauti ya Kibwana, iliyorekodiwa siku ya kusajili, "nyumba hii ni ya soya."

"Soya yako inanivimbisha tumbo mwaka wa kumi na nane huu! Nilikwambia ukiwa hai, ukanicheka. Sasa umeoza, bado unanipangia cha kunywa?"

Mwantumu akainua sufuria, akalinywa tui bichi huku amelikodolea jiko macho, mpaka likamtiririka kidevuni.

"Haya, nimekusamehe," Kibwana akasema kwa upole. Kitasa cha mlango kikajifunga. "Lakini hiyo nazi kakupa nani?"