Kisanduku Kinachohama

Kisanduku cha rangi kilikuwa kimehama tena. Jana Mukamusoni alikiacha kimegandishwa ukingoni mwa kioo cha kompyuta, upande wa kulia, pamoja na brashi, mkasi na herufi. Asubuhi hii vyote vilikuwa vinaelea katikati ya kazi, kushoto, chini kidogo.

Kwenye programu ile ya kutengeneza kadi za harusi, vifaa hukaa ndani ya visanduku vidogo. Unaweza kuvigandisha pembeni vikatulia kama masufuria kabatini, au kuviacha vielee popote mkono unapopenda. Mukamusoni alikuwa mtu wa kabati. Mumewe, Mutabazi, alikuwa mtu wa kuelea, tena upande wa kushoto, maana mkono wake ulikuwa wa kushoto. Walipofanya kazi pamoja kwenye duka la kuchapa kule Bukavu, waligombana juu ya jambo hilo mpaka wateja wakacheka.

Siku vita vilipofika Bukavu, tarehe 28 Oktoba 1996, Mukamusoni alivuka daraja la Rusizi peke yake. Mutabazi alirudi dukani mara moja, akasema atamfuata. Sasa ni 2001, na hakuna aliyemwona, si mzima si maiti.

Ndiyo maana visanduku vile vilimnyima usingizi.

"Mzee Twahiru," alimuuliza mwenye duka la kuchapa alikofanya kazi sasa, hapo Kamembe, upande wa Rwanda, "mchana nani anakaaga kwa mashine?"

"Mchana? Batu ba Bukavu banakujaga kufanya fotokopi, Maman. Mi sibaulizage majina."

Twahiru hakujua zaidi. Mashine yenyewe aliinunua soko la Kadutu, kule Bukavu, bila boksi wala karatasi, na shughuli yake nayo ilikuwa moja tu: adhuhuri akienda kusali anazima grupu, ile jenereta ya nyuma ya duka, na kioo kinakufa hapo hapo mpaka arudi kuiwasha. Hapo Mukamusoni hushika njia ya Nyakarenzo, kwenye nyumba ambamo hakuna wa kumwambia pole.

Akaanza kumwachia Mutabazi salamu. Siku moja aligandisha kila kitu, isipokuwa mkasi. Kesho yake vyote vilikuwa vinaelea, kushoto. Alicheka peke yake, kisha akalia. Kama Mutabazi alikuwa anajificha, alikuwa na sababu zake; miaka ile wengi walikuwa nazo. Jioni hiyo alipika chakula cha watu wawili, na hakuona aibu.

Jumamosi mama mkwe wake, Nyiransabimana, alikuja kutoka Gitambi. Ukoo ulitaka kukura ikiriyo, kumaliza rasmi msiba wa Mutabazi. Pombe ya ndizi ilikuwa tayari.

"Miaka tano, mtoto wangu. Tumuache apumzike, na weye upumzike."

"Hapana, Mama. Siwezi kumaliza kilio ya muntu mwenye anagusa kazi yangu kila siku."

Mama mkwe aliondoka bila kugusa chai. Pombe ikachacha huko Gitambi, na maneno ya ukoo yakachacha kuliko pombe. Mukamusoni hakujali. Wao hawakuona alichokuwa anaona yeye.

Wiki iliyofuata mashine ikawa nzito, na Twahiru akamwita fundi Birindwa kutoka ng'ambo ya daraja. Mukamusoni alisubiri Twahiru atoke nje, kisha akavuta kiti karibu na fundi.

"Papa Birindwa, mashine inaweza kutuonyesha muntu mwenye anahamisha hivi visanduku?"

Birindwa alifungua hiki na kile, akatabasamu kidogo.

"Hakuna muntu anavihamisha, Maman. Programu inaandika vifaa viko wapi ile saa unaifunga vizuri, ndani ya menyu. Nyinyi hapa munazimaga tu grupu, haipate nafasi ya kuandika. Ikiwaka tena, inavirudisha vile muntu wa mwisho mwenye aliifunga vizuri aliviacha."

"Na huyo aliifunga lini?"

Fundi alitafuta faili moja ndogo, akasogeza uso karibu na kioo.

"Tarehe makumi mbili na munane, mwezi ya kumi, mwaka tisini na sita."